Wasomaji wanauliza: mfupa wa printa baada ya uvimbe kukatwa

Barua nyingi za toleo hili zinahusu vipandikizi vya titani vinavyochapwa kwa printa ya 3D kwa kipimo cha mgonjwa mmoja, pale uvimbe unapokatwa pamoja na mfupa ulioushika. Barua ndefu tumezifupisha na majina tumeyaacha.

*Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Shavu la kushoto lilianza kuvimba miaka mitatu iliyopita, hasikii maumivu, ila meno mawili yamelegea. Kinyama kilichopelekwa maabara kimeonyesha ameloblastoma, na tumeambiwa taya la chini litakatwa kuanzia karibu na sikio hadi kidevuni. Ndugu yetu aliye ng'ambo anasema huko wanachapa taya zima la titani. Tuna kiwanja. Tukiuze tumpeleke?*
— Dada mtu, Morogoro

Marahaba. Kiwanja kibaki kwanza. Taya la titani ni jambo la kweli, lakini kwa kijana wa miaka 24 mwenye ameloblastoma si la kulikimbilia.

Ameloblastoma kwa kawaida haisambai mwilini kama saratani, ila ni uvimbe mlafi. Hula mfupa polepole, na chembe zake hupenya ndani ya mfupa laini kupita pale eksirei inapoonyesha kuwa umeishia. Ndiyo maana ukikwanguliwa tu, mara nyingi unarudi, na ndiyo maana mpasuaji anataka kukata sentimita 1 hadi 2 ndani ya mfupa unaoonekana mzima. Hapo msibishane naye. Cha kujadiliana ni kitakachojaza pengo.

Pengo fupi, la chini ya sentimita 5 au 6, laweza kujazwa kwa kipande cha mfupa wa nyonga kikashikiliwa na bamba. La mdogo wako, kutoka sikioni hadi kidevuni, ni refu kuliko hapo. Kipande cha nyonga kisicho na mishipa yake ya damu hakitavumilia urefu huo, kitakufa na kuyeyuka. Njia inayoaminika zaidi ni fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Hutolewa na mshipa wake wa damu, hukatwa vipande viwili au vitatu ufuate umbo la taya, kisha mshipa huungwa na mishipa ya shingoni chini ya darubini. Kwa mtu mzima hupatikana hadi kama sentimita 25, huku sentimita 6 hadi 8 zikiachwa juu ya kifundo cha mguu na kiasi kama hicho chini ya goti ili viungo hivyo visilegee. Atatembea, kwa sababu uzito wa mwili unabebwa na muundi. Kabla ya hapo mishipa ya mguu ipimwe, maana wapo watu wachache ambao unyayo wao unategemea mshipa huohuo unaotaka kuchukuliwa. Operesheni huchukua saa 8 hadi 12, na siku mbili za mwanzo manesi hukagua rangi na joto la nyama iliyohamishwa kila saa. Damu ikiganda kwenye muungo, hurudishwa thieta usiku huohuo, la sivyo kazi yote imepotea.

Sasa taya la titani. Juni 2011, nchini Uholanzi, bibi wa miaka 83 aliwekewa taya zima la chini lililochapwa na kampuni ya LayerWise ya Leuven, Ubelgiji. Lilikuwa na gramu 107, zito kuliko la asili kwa kama theluthi. Bibi huyo hakuwa na uvimbe, alikuwa na maambukizi ya mfupa, na kwa umri wake saa nyingi za kuunga mishipa zilikuwa hatari. Hapa Afrika, kituo cha uchapaji wa 3D cha CRPM, Bloemfontein, kilichapa mataya ya titani yaliyotumika katika hospitali ya Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 2014. Kwa hiyo kazi inafanyika, na si lazima iwe Ulaya. Tatizo ni kwamba titani haigeuki kuwa mfupa hai. Iko kati ya ngozi nyembamba ya shavu na mdomo uliojaa bakteria. Baada ya miaka chuma huweza kutoboa fizi au ngozi kikachungulia nje, na skrubu hulegea kwa sababu anatafuna kila siku. Bibi wa miaka 83 anahitaji litakalodumu miaka michache. Mdogo wako ana miaka hamsini ya kutafuna mbele yake.

Printa itawafaa kwa namna nyingine, tena ya bei nafuu: mfano wa plastiki wa taya lake ili bamba likunjwe kabla, na violezo vya kukatia vinavyoonyesha msumeno upite wapi kwenye taya na kwenye fibula. Hapo ndipo saa za operesheni hupungua na sura hurudi mahali pake.

Mwulizeni mpasuaji hivi. Pengo litakuwa sentimita ngapi? Hapa kuna timu ya kuunga mishipa midogo, na kama hakuna, rufaa iliyo karibu ni wapi? Bamba litakunjwa kwenye mfano au juu ya meza ya upasuaji? Meno ya kupandikiza yatawekwa lini? (Mara nyingi ni baada ya miezi 6 au zaidi, fibula ikishashikana.) Na mwisho, ratiba ya eksirei za baadaye ikoje, kwa kuwa ameloblastoma huweza kurudi hata baada ya miaka 10, wakati watu wameshasahau.

*Mimi ni fundi wa maabara ya meno, nina printa ndogo inayotumia waya wa plastiki. Hospitali hunitumia picha za CT nichape mfano wa taya ili bamba la titani likunjwe kabla ya upasuaji. Kesi ya kwanza bamba lilikaa sawasawa kwenye mfano, lakini kwa mgonjwa likapwaya upande wa nyuma, na shavu likabaki limetokeza. Nimekosea wapi?*
— Fundi, Mombasa

Kupwaya na kutokeza ni makosa mawili tofauti, na yote mawili huanza kabla printa haijawashwa.

Tuanze na shavu. Ulichapa taya kama lilivyo, pamoja na uvimbe. Bamba likakunjwa juu ya kigongo, na mgonjwa akaondolewa kigongo akaachiwa umbo lake. Dawa yake ni kutumia upande mzima kama kioo: kwenye programu, chukua upande mzima, ugeuze kulia kuwa kushoto kupitia mstari wa katikati ya uso, uuweke badala ya upande mgonjwa. Lakini usigeuze taya lote kichwa kichwa. Ncha mbili za bamba zitafungwa kwenye mfupa wa mgonjwa unaobaki, na mfupa huo lazima uwe wake halisi, si kivuli cha upande wa pili. Upande wa kulia na wa kushoto wa mtu havilingani kamwe, hutofautiana milimita moja mbili. Kwa hiyo tumia kioo kwenye pengo tu, na mfupa halisi kwenye ncha. Uvimbe ukiwa umevuka katikati ya kidevu, kioo hakikusaidii. Hapo mpasuaji achonge kigongo kwenye mfano kwa mkono, na yeye ndiye aamue kiasi.

Kupwaya sasa. Uliza picha zilipigwaje. Unataka vipande vya picha vyenye unene wa milimita 1 au chini yake. Kifaa kikiwa na milimita 0.6, ichukue hiyo. Vipande vya milimita 3, vilivyopigwa kwa ajili ya kusoma ripoti tu, vinatoa mfano wenye ngazi, na pembe ya nyuma ya taya ndiyo huharibika kwanza. Mashine isiinamishwe wakati wa kupiga, kwa sababu programu nyingine husoma picha za kuinama kama zimesimama, na mfano wote hukaa mshazari bila wewe kuona. Taya lote liingie, pamoja na vifundo vyake viwili vya mbele ya sikio. Mgonjwa aume kipande cha pamba ili meno ya juu yasigusane na ya chini. Yakigusana, programu huyaunganisha na utakesha ukiyatenganisha. Omba mafaili ya DICOM yenyewe (picha asili za CT zenye vipimo vyake) kwenye CD au flashi. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haina vipimo ndani yake.

Kwenye programu (3D Slicer ni ya bure na inatosha), kiwango cha kuchagua mfupa anzia kama 200 hadi 300 za Hounsfield, kipimo cha CT kinachotenganisha mfupa na nyama. Ganda la taya lililotanuliwa na uvimbe ni jembamba kama karatasi, kwa hiyo ukipandisha kiwango litatoboka, na ukishusha mno nyama itajibandika kwenye mfupa na mfano utanenepa. Mfano ulionenepa nusu milimita pande zote unatoa bamba linalopwaya, na tunashuku hilo ndilo lililokupata. Kulainisha uso nako huweza kula pembe. Laini kidogo, kisha linganisha na picha ya asili kipande kwa kipande.

Chapa kwa tabaka za milimita 0.2, kuta 4, ujazo wa ndani asilimia 25. Kuta zina maana kuliko ujazo, kwa sababu mpasuaji atagandamiza bamba pale kwa nguvu. Pwani kuna unyevu. Waya wa PLA, plastiki ya kawaida ya printa za mezani, ukiachwa wazi wiki mbili hunywa maji, ukichapa unatoa nyuzinyuzi na uso wenye vipele. Ukaushe kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa saa 4 hadi 6. Mfano ukitoka, pima kwa kalipa umbali kati ya vifundo viwili na kati ya matundu mawili ya mishipa kidevuni, ulinganishe na namba za kwenye programu. Tofauti ikizidi milimita 0.5, usiukabidhi. Tunaona mafundi wengi wanaruka hatua hii ya dakika tano.

Kukunja bamba kwenyewe: anza na kipande cha alumini laini, kisha uige kwa bamba halisi. Kunja kati ya tundu na tundu, na matundu yenye nyuzi za skrubu yawekewe vijazio yasipondeke. Usikunje ukarudisha, ukakunja tena. Titani huchoka na mahali hapo ndipo itakapokatikia mwaka wa pili, mgonjwa akila mahindi ya kuchoma. Kila upande ziingie skrubu 3 kwenye mfupa mzima, 4 ni bora.

Jambo la mwisho ni joto. PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, inafika 121 au 134. Bamba liende otoklevu, mfano ubaki nje, au kama lazima uonekane thieta ufungwe kwenye mfuko safi usiogusana na kidonda. Kiolezo cha kukatia kinagusa mfupa, kwa hiyo PLA haifai kabisa. Kinahitaji resini ya upasuaji au nailoni ya PA12 yenye hati kwamba inavumilia otoklevu na haidhuru mwili. Na mwambie mpasuaji atoboe matundu ya skrubu taya likiwa bado zima, au afunge meno ya juu na ya chini kwa waya kabla ya kukata. Mfupa ukishakatika, nusu ya nyuma huvutwa na misuli, na hakuna mfano utakaokuonyesha ilikuwa wapi.

*Binti yangu ana miaka 15, ana osteosakoma juu kidogo ya goti. Ameanza kemo. Tumeahidiwa kusaidiwa kupata mfupa wa kuchapwa kutoka nje. Vipimo vipigwe lini, na mguu utakua?*
— Baba, Bujumbura

Pole sana, mzee wetu. Osteosakoma ni saratani ya mfupa, kwa hiyo kanuni moja itangulie: kemo isisimamishwe kusubiri chuma. Kwa mpango wa kawaida wa dawa tatu (methotreksati, doksorubisini na sisplatini) mgonjwa hutibiwa kama wiki 10, kisha upasuaji, kisha kemo inaendelea kidonda kikishafunga. Kipandikizi cha kuagiza huchukua muda: kuchora na kukubaliana na mpasuaji wiki moja hadi mbili, kuchapa siku moja mbili tu, halafu kuoka, kung'arisha, kusafisha, kukagua na kusafirisha. Wiki 4 hadi 8 zimeisha. Printa ndiyo yenye haraka kuliko wote kwenye foleni hiyo.

Kwa hiyo agizo hutolewa kwa picha za mwanzo: CT yenye vipande vyembamba kwa umbo la mfupa, na MRI ya paja zima, kutoka nyonga hadi goti, kwa sababu osteosakoma huweza kuwa na kijiuvimbe cha pili juu zaidi kwenye mfupa uleule. Kabla ya upasuaji MRI inarudiwa. Hapa ndipo panapoumiza. Kipandikizi kinafuata mkato, na mkato unafuata uvimbe. Uvimbe ukipungua, vema, mkato unabaki pale ulipopangwa. Ukikua sentimita moja, chuma kilicholetwa na ndege hakina kazi, na mpasuaji akishawishika kukata pale chuma kinapotaka badala ya pale uvimbe unapotaka, amemwachia binti saratani mguuni. Waulizeni waziwazi: MRI ya pili ikiwa mbaya, mpango wa pili ni upi?

Kwa maoni yetu, juu ya goti si mahali pa kwanza pa kuchapa mfupa. Kuna viungo vya vipande, vinavyoungwa thieta kama vya kuchezea vya watoto, urefu ukiongezwa au kupunguzwa palepale. Vimetumika miaka mingi, na mkato ukisogea vinakubali. Mfupa wa printa una faida kubwa kwenye nyonga, bega, kisigino, kifua, uti wa mgongo, au pale uvimbe uko katikati ya paja na goti lenyewe linaweza kuokolewa. Mwaka 2014 Beijing, katika Hospitali ya Tatu ya Chuo Kikuu cha Peking, mtoto wa miaka 12 mwenye sakoma ya Ewing (saratani nyingine ya mifupa) alichapiwa pingili ya pili ya shingo. Hapo kweli hakukuwa na kipuri cha dukani. Nyonga vilevile: kwa macho na mikono mitupu mkato huweza kwenda kombo zaidi ya sentimita, na kiolezo kilichochapwa hupunguza kosa hilo hadi milimita chache. Mara nyingine kiolezo kinaokoa maisha kuliko kipandikizi chenyewe.

Kuhusu kukua: sehemu ya paja iliyo juu ya goti hurefuka kama sentimita 1 kwa mwaka, na wasichana wengi humaliza karibu na miaka 14, wavulana 16. Apigwe eksirei ya kiganja kuona umri wa mifupa. Kama amebakiza sentimita moja au mbili, kiatu cha kuinua kinatosha. Kwa mtoto wa miaka 9 tungejibu tofauti. Chuma kisichorefuka kingemwachia mguu mfupi kwa sentimita nyingi.

Na msaada ukichelewa au usipofika, ipo njia isiyotegemea ndege. Mfupa wake mwenyewe hukatwa, uvimbe ukabanduliwa, kisha hutumbukizwa kwenye nitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri kwa dakika 20, ukaachwa hewani dakika 15, na kwenye maji safi dakika 15, halafu ukarudishwa na kufungwa kwa bamba. Chembe za saratani hufa, umbo linabaki lake. Njia hii ilianzia Kanazawa, Japani. Haifai mfupa uliokwisha kuliwa sana hadi kubaki ganda, kwa sababu utavunjika. Kukatwa mguu nako kusihesabiwe kushindwa, kama ndiko kunakoutoa uvimbe wote.

*Kwa nini vipandikizi hivi vina matundu kama sifongo? Si vingekuwa imara zaidi vikiwa chuma kitupu? Na kwa nini tusichape kwa plastiki yetu hapahapa tukapunguza gharama?*
— Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi

Uimara ukizidi ndio unaoua mfupa. Ugumu wa mfupa wa nje ni kama gigapaskali 10 hadi 30. Aloi ya titani yenye alumini na vanadi, Ti-6Al-4V, ni kama 110. Chuma kigumu kikibeba mzigo wote, mfupa jirani unakosa kazi, na mfupa usio na kazi huliwa na mwili wenyewe. Baada ya miaka skrubu zinaning'inia kwenye mfupa laini. Matundu hushusha ugumu, na matundu ya mikroni 300 hadi 800 (mikroni 1000 ni milimita 1) yakiwa yamepitiana huruhusu mfupa na mishipa ya damu kuingia na kushika. Yakiwa madogo mno, mfupa unabaki mlangoni.

Printa yenyewe hueneza poda ya titani tabaka kwa tabaka, tabaka moja ikiwa na makumi machache ya mikroni, na leza ndani ya gesi ya argoni, au mwale wa elektroni ndani ya ombwe, huyeyusha umbo la tabaka hilo. Leza hutumia poda laini, kama mikroni 15 hadi 45. Mwale wa elektroni hutumia poda ya 45 hadi 105, na hupasha kitanda chote moto kwa hiyo kazi inatoka na mikazo midogo. Kazi ya leza hutoka imejikaza. Ukiikata kwenye sahani kabla ya kuioka inajipinda kama mbao mbichi. Ndipo huokwa, na nyingine hukandamizwa kwa joto la nyuzi 900 na ushei na shinikizo la megapaskali 100 ili vitundu visivyotakiwa vifungwe.

Angalia sehemu mbili kwenye mchoro wako. Ya kwanza ni mahali sifongo inapoungana na chuma kitupu. Pakiwa na kona kali, ufa huanzia hapo, kwa hiyo weka mteremko wa taratibu. Ya pili ni poda isiyoyeyuka iliyonasa katikati ya sifongo nene. Hewa ya kompresa haiifikii. Kazi husafishwa kwa mawimbi ya sauti majini mara kadhaa, hupimwa uzito kila mara hadi ubaki uleule, kisha hupigwa CT. Kama mchoro wako hauna njia ya poda kutokea, rudi kwenye mchoro.

Plastiki ya printa ya mezani, hapana. PLA ya dukani ina rangi na viungo visivyojulikana, hailindwi dhidi ya uchafu, na haivumilii otoklevu. Ipo plastiki ya kitabibu iitwayo PEEK, yenye ugumu wa gigapaskali 3 hadi 4, inayoyeyuka kwenye nyuzi 343 na kuhitaji printa yenye chumba cha moto. Inapendwa kwa fuvu la kichwa, na kwa mgonjwa atakayepigwa mionzi baadaye, kwa sababu titani hutawanya miale na kuchafua picha. Mfupa hauishiki vizuri, hilo ndilo pungufu lake. Punguzeni gharama kwenye mifano na ukungu (kalibu ya kumwagia). Ukungu uliochapwa, ukafungwa kwa kizuizi safi, hukusaidia kumwaga saruji ya mfupa ikapata umbo la pengo, na saruji hiyo ni bidhaa ya siku zote thieta.

*Nilikatwa uvimbe juu ya goti mwaka jana, nikawekewa chuma. Wiki tatu sasa kovu linatoa maji kidogo, hayana harufu. Zahanati wamenipa amoksilini. Niendelee?*
— Msomaji, Tanga

Hapana. Rudi hospitali iliyokufanyia, wiki hii, si mwezi ujao. Ukipata homa au kutetemeka, nenda leo.

Bakteria wakigusa chuma hujijengea utando wa ute ambao vidonge haviupenyi. Amoksilini itakausha maji juu na kuwaficha walio chini, kisha kipimo kitakuja "hakuna kitu" ilhali wapo. Kama huna homa na hali ni nzuri, daktari anaweza kukusimamishia dawa kama wiki mbili kabla ya kuvuta majimaji ya ndani kwa sindano. Hayo ndiyo ya kuoteshwa maabara, si ya kwenye ngozi, na waombwe wayaweke hadi siku 14 kwa sababu wapo bakteria wazito kuota. Damu ipimwe CRP na ESR, vipimo vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi. Eksirei ipigwe, maana kovu kutoa maji kunaweza pia kuwa uvimbe umerudi.

Maambukizi yakigunduliwa mapema, ndani ya wiki chache tangu yaanze, huenda ukaoshwa na kubadilishiwa plastiki za ndani, chuma kikabaki. Yakikaa, chuma hutolewa, saruji yenye antibiotiki huwekwa wiki sita au zaidi, kisha kingine kinawekwa. Kama chako ni cha sifongo na mfupa umeshaingia, kukitoa kunaondoka na mfupa mwingine, na pengo la pili huwa refu kuliko la kwanza. Wiki tatu zako zina bei hiyo.

Wala usijilaumu kwa uchafu. Kwenye utafiti wa PARITY wa mwaka 2022, wagonjwa 604 wa uvimbe wa mifupa ya mguu waliowekewa chuma walipewa antibiotiki za siku 1 au za siku 5. Maambukizi yalikuwa asilimia 15 hadi 17 katika makundi yote mawili. Ni operesheni ndefu, kwa mtu ambaye kinga yake mara nyingi imeshushwa na kemo.

*Nina nusu ya nyonga ya titani. Nasafiri kila miezi mitatu. Uwanja wa ndege, mashine ya ukaguzi italia? Na naweza kuingia MRI?*
— Msomaji, Maskati

Kulia au kutolia kunategemea mashine. Tembea na kadi ya kipandikizi, na eksirei yake kwenye simu. Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo MRI kwa kawaida inawezekana, ila mwambie mpigaji mapema: karibu na chuma picha huwa na kiza, na anayo mipangilio ya kukipunguza. Kama nyonga yako iliungwa na kichwa cha paja, angalia kadi kama kichwa hicho ni cha kobalti-kromi au cha kauri; hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.